Siku Niliyoomba Zamu Gasenyi

Asalamu aleikum kwa wenzangu wa msikitini, na nyinyi wa kanisani, amani iwe kwenu pia. Kabla sijaanza naomba kitu kimoja. Mkiniona nimenyamaza katikati ya neno na taya limekaza, msigeuke kuangalia dirisha. Sijasahau ninachotaka kusema. Nipo njiani.

Mi ni fundi wa magari, mtoto wa fundi wa magari. Kigugumizi ninacho tangu nilipoanza kusema. Shuleni nikiitwa kusoma kwa sauti, darasa zima lilinisaidia, kila mmoja ananitupia neno analodhani ndilo, mpaka mwalimu anachoka na kuniambia nikae. Hilo mnalijua, nyinyi wenye kigugumizi kama mimi, wengi mmelipitia.

Balaa langu mimi lilikuwa Kurani. Chuoni, kwa maalimu wa Kurani, nilisoma bila kukwama hata mara moja, sura ndefu, mwanzo mpaka mwisho. Naona mnatikisa vichwa. Ndiyo, ukiimba hukwami, ukisoma kwa mahadhi hukwami. Lakini marehemu baba nani angemwambia? Ananisikia chuoni sauti inatiririka, halafu nyumbani ananituma dukani nashindwa kutaja mkate. Akaamini nafanya makusudi. Siku moja akaniambia, "Mbele ya Mungu unasema, mbele yangu unakataa. Mi nilikukosea nini?"

Nilitaka kumjibu. Nikasukuma, nikasukuma, mishipa ya shingo ikasimama, halikutoka hata neno moja. Akaondoka.

Basi nikaacha kusema. Si kwa hasira, kwa uchovu tu. Nikaacha na shule, nikaingia gereji ya baba, maana gereji spana unaiomba kwa kidole. Wateja wapya walidhani mi bubu. Nikawaacha wadhani hivyo, na nawaambia ukweli, nilipumzika sana. Shida ya kupumzika namna hiyo ni kwamba unazoea. Ilifika mahali mama yangu mzazi ananisalimia asubuhi na mi najibu kwa kichwa.

Sasa niwapeleke mtaani kwetu, Gasenyi ya wakati ule. Karibu na kwetu palikuwa na sali, ukumbi wa michezo ya video, chumba kimoja cha matofali, mabati juu, pazia mlangoni. Mwenye sali alikuwa mama wa Kikongo, alivuka mpaka akitokea Uvira na watoto wake, akaanza maisha kwa ekrani moja ya televisheni na mashine moja. Mchezo uliopendwa ulikuwa wa ngumi, watu wawili wanapigana mpaka mmoja aanguke. Ah, mahali pale! Harufu ya jasho na mandazi, benchi lililolegea mguu, mvua ikianza mabati yanapiga kelele mpaka husikii mchezo, mnacheza kwa macho tu. Siku hizi pale pana duka la saruji. Nikipita naangalia upande mwingine, roho inaniuma.

Sheria ya sali ilikuwa moja. Anayeshinda anabaki kwenye kiti. Anayetaka kumkabili anapaza sauti, "Nafwata!" Wa kwanza kusikika ndiye anayefuata. Kuinua mkono hakuhesabiki. Kumtuma mwenzako akusemee hakuhesabiki, na utachekwa mpaka utoke nje. Neno moja tu, ndugu zangu. Na linaanza na N, herufi iliyonichukia kuliko zote.

Kwa hiyo nilisimama ukutani, naangalia. Wiki baada ya wiki, natazama wenzangu wanacheza. Yule mama akaniona. Hakuuliza kitu, aliniletea maneti, kile kidude cha mkononi cha kuchezea, iliyokufa vitufe nikamtengenezea, akaniambia, "We ukuje tu saa ya jua kali. Batu banalala. Utacheza."

Ndivyo nilivyoanza. Mchana, baada ya sala ya adhuhuri, baba akijinyoosha chini ya gari kusinzia, mi nakimbilia sali. Nilichagua jitu moja zito ambalo hakuna aliyelitaka, linatembea polepole, lakini likikugusa umeguswa. Nilirudia pigo moja mpaka kidole gumba kikaota sugu. Yule mama akawa ananishikia maneti ya pili. Hakujua kucheza hata kidogo! Alikuwa na lungo la mchele wa Buterere mapajani, mkono mmoja unachambua mawe, mkono mwingine unabonyeza chochote unachokutana nacho. Nawaambia, hakuna mpinzani mgumu kama mtu asiyejua anachofanya. Alinipiga. Alinisukuma mpaka kwenye kona ya ekrani, na mi nikifika kwenye kona nilibonyeza vitufe vyote kwa pamoja, kwa hofu, na ndipo nilipoanguka.

Ilinichukua muda mrefu kuliona kosa langu. Ukibanwa na kubonyeza hovyo, kila kitufe kinakufungua, unapigwa zaidi. Dawa ni kushika kinga, kile kitufe kinachozuia mapigo, na kutulia. Aendelee kupiga. Mapigo yana mwisho wake, hata ya mama anayechambua mchele. Likija pengo, unabonyeza kimoja tu.

Sasa sikilizeni. Mchana mmoja umeme ulikatika, tukakaa pale kwenye joto. Nikataka kumwambia kwamba waya wa nyuma umeungua. Mi, ambaye sikuwa nasema na mtu! Nikafungua mdomo, neno likakwama, na kama kawaida nikaanza kusukuma. Halafu kidole gumba changu kikasogea chenyewe kwenye kitufe cha kinga, kwenye maneti iliyozimika. Nikaacha kusukuma. Nikakaa na lile neno mdomoni, nimelishika, nimenyamaza. Likatoka. "Waya," nikasema.

Yule mama hakushangaa. Alikuwa anachambua. Watu huniambia alikuwa na subira ya ajabu. Sidhani. Alikuwa na mchele. Hakuwa na sababu ya kunimalizia neno, kwa sababu hakuwa na mahali pa kukimbilia. Nikaanza kuzungumza naye kila mchana, huku tunapigana.

Ikaja Jumamosi moja. Etudiya mmoja wa Mutanga Sud, mwanafunzi wa chuo kikuu aliyesikia habari za sali yetu, alikuja na rafiki zake, akakaa kitini na hakutoka. Aliwaangusha wote. Chumba kimejaa hadi nje ya pazia. Nilikuwa namwona anavyocheza, na nilijua kwa nini wanaanguka. Anawapeleka kwenye kona, wanabonyeza hovyo.

Mama mwenye sali akanikaribia. "Nikusemee?" Nikatikisa kichwa. Apana.

Pambano likaisha. Nikafungua mdomo. "Na... na..." Mmoja akacheka, wa pili akaniigiza, wa tatu akapaza sauti, "Nafwata!" akakaa. Zamu imeondoka. Nilitamani ardhi inimeze. Mguu wangu mmoja ulikuwa tayari nje ya mlango, na ninajua vizuri kwamba ningetoka siku ile, leo nisingekuwa mbele yenu. Ningekuwa bado fundi bubu.

Nikabaki. Yule wa tatu akaanguka haraka. Nikafungua mdomo tena, likakwama tena, vicheko vikaanza. Hapo yule mama akainuka, akachukua lungo lake na mchele wake wote, akalisimamisha mbele ya ekrani. Mchele ukamwagika sakafuni! Hakuna aliyeona mchezo tena.

"Mutu yuko anasema," akawaambia. "Akimaliza, nitaliondoa."

Etudiya akamwambia, "Mama, anataka kusema nafwata, tunajua."

"Kama munajua, munyamaze mumusikie."

Chumba kikanyamaza. Nikashika kinga. Sikusukuma. Nikawaacha waniangalie, macho yote yale, mpaka hofu yenyewe ikachoka.

"Nafwata," nikasema.

Mnataka kujua kama nilishinda? Apana, nilishindwa! Kidogo sana, lakini nilishindwa. Etudiya akaweka maneti chini, akanigeukia akaniuliza, "Hiyo kinga nani alikufundisha?" Nikamwonyesha mama aliyekuwa anaokota mchele. Halafu nikamweleza, kwa maneno, polepole, na akangoja mpaka mwisho. Baadaye nilimshinda mara nyingi, lakini hayo ni majivuno, tuyaache.

Jumatatu yake nilikuwa na baba chini ya gari. Nikamwambia, "Baba, sikukatai. Linakwama." Nilichukua muda mrefu kulisema lote, na kuhusu Kurani pia. Baba aliacha mafuta yamdondokee mkononi. Kisha akasema, "Kumbe mwanangu ulikuwa unapigana peke yako." Tulilia wote wawili pale chini, na mteja amesimama nje anauliza gari lake.

Yule mama alirudi kwao. Sijui kama yupo hai. Popote alipo Mungu amlipe, na amrehemu baba, na ambariki yule etudiya aliyengoja. Kigugumizi bado ninacho, mmekisikia. Sikupona. Nilijifunza kukaa ndani yake bila hofu, na hilo ndilo ninalowaachia: likikwama, usisukume. Na wewe unayesikiliza, usimmalizie. Hata kwa upendo, usimmalizie.

Sasa naketi. Kuna dada pale nyuma, mwenye kitenge cha bluu, ameinua mkono muda mrefu na hajawahi kusema kwenye kikundi hiki. Dada, simama. Hatuna haraka. Sisi wote hapa hatuna mahali pa kwenda.