Aliyemwinamia Mume wa Jirani

Marehemu Shemasi Ma Sun-deok alizaliwa tarehe 3 Machi 1941 huko Uiseong, Korea, binti wa pili wa wakulima wa vitunguu saumu. Alianza shule mwaka 1948, vita vikamkatisha. Kusoma alimalizia kanisani, akifuata mistari ya Biblia kwa kidole. Sauti yake haikupatana na kwaya hata siku moja, na kwaya haikuthubutu kumwambia.

Mwaka 1962 aliolewa na Bang Gi-taek, mwana wa mzee wa kanisa Bang Hak-su. Wakalima vitunguu pamoja, wakajaliwa Yeong-mo na Mi-ran.

Novemba 1977 jirani yao, Tak Bong-im, alifiwa na mumewe. Hawakuwa na mtoto wala ndugu wa kuinama mbele ya picha ya marehemu, kama ilivyo desturi ya Korea ya kumuaga mfu. Watu wa kanisa waliingia, wakaomba wakiwa wima, maana kanisani kumwinamia mfu kulihesabiwa ibada ya sanamu. Bong-im akawauliza, "Kwani mume wangu alikuwa mbwa, akose hata mtu mmoja wa kumuaga?" Hapo Sun-deok akapiga magoti, akainama mara mbili, paji la uso sakafuni.

Baraza la wazee likamwita, baba mkwe wake akiwa mwenyekiti. Wakamtaka akiri kwamba ameabudu mfu.

"Baba, yule marehemu hakuhitaji kitu," alisema. "Mwenye shida alikuwa Bong-im. Yesu aliponya watu siku ya Sabato, mimi nimwambie jirani asubiri?"

Alivuliwa ushemasi, akazuiwa Meza ya Bwana hadi Pasaka. Ilimuuma mno. Alilia jikoni mwa kanisa, huku akiosha vyombo vya haohao waliomfungia.

Miaka ilipita, mzee Hak-su akapooza. Aliyemlisha uji ni Sun-deok. Siku moja mzee alimshika mkono, akasema, "Mwanangu, siku ile nilikuonea." Pasaka iliyofuata alirudishiwa ushemasi.

Saratani ya tumbo iligunduliwa mwaka 2018. Alifariki tarehe 11 Novemba 2019, nyumbani, wanawe wakiwa kando yake.

Ameacha mume, watoto wawili, wajukuu wanne, na Bong-im, ambaye hadi leo hajabatizwa. Jana bibi huyo aliuliza kwa woga kama ataruhusiwa kumwinamia rafiki yake. Yeong-mo, ambaye sasa ndiye mzee wa kanisa, alikwenda kuchukua mkeka. Aliutandika mbele ya picha ya mama yake, akamshika Bong-im mkono, wakainama wote wawili.

Mama, pumzika kwake Yeye mwenye rehema.