Soksi ya Kijivu na Jina la Colafranco: Tukimuaga Leland Purnell

Ijumaa hii, tarehe 30 Mei, Bwana Leland Purnell anastaafu baada ya kulitumikia Duka la Muziki la Zelnick, hapa Germantown Avenue, kwa miaka arobaini na mmoja. Aliingia mwaka 1984 akiomba kibarua cha wiki mbili tu, mpaka bendi yake ipate mkataba. Bendi yenyewe ilikuwa ya watu watatu: kinanda, ngoma na gitaa. Mpiga kinanda akaokoka, mpiga ngoma akahamia Baltimore, na mpiga gitaa tukabaki naye sisi. Mkataba bado tunausubiri.

Kazi yake, kwa wageni wasiomjua, ilikuwa kuhukumu magitaa, hasa yale ya jazi yenye uso uliotuna na matundu mawili marefu, ambayo hapa dukani tunayaita magitaa ya kifua. Kila gitaa lililoingia lilipita kwanza mikononi mwake, bila umeme, kando ya dirisha la nyuma. Aliliinua kwa mkono mmoja kulipima uzito. Alipitisha kidole pembeni mwa shingo kutafuta ncha za chuma zinazokwaruza. Aligonga mgongo kwa kifundo cha kidole. Ndipo alipopiga, na akishapiga aliandika hukumu yake kwenye kadi ndogo na kuitundika kwa uzi kwenye kichwa cha gitaa, pale nyuzi zinapokazwa.

Kadi hizo ndizo zilizolijengea duka hili jina. "Shingo njema, sauti ya mtu mwenye mafua." "Linafaa harusi, halifai ndoa." "Usidharau plaiwudi. Ukipiga pamoja na kinanda cha kanisa na ngoma, gitaa la mbao nzima litavuma lenyewe kabla hujagusa uzi." Watu walitoka hata miji ya jirani, Camden na Wilmington, kuja kusoma kadi tu, wakaondoka bila kununua hata nyuzi, huku bosi wetu, Bi Roz Zelnick, akiwasindikiza kwa macho.

Soksi nayo ina hadithi yake. Miaka ya mwanzo kulikuwa na muuzaji mmoja, sasa hayupo nasi, aliyekuwa akisifu gitaa kwa kusoma jina lililoandikwa kichwani mwake. Jina kubwa, sauti tamu. Jina dogo, sauti ya bati. Siku moja Bwana Purnell alichoka. Akavua kiatu mbele ya wateja, akavua soksi yake ya sufu ya kijivu, akalivalisha gitaa kichwani mpaka jina likapotea. "Haya, bwana mkubwa, sifu sasa." Yule muuzaji akalisifia gitaa la bei ya chini kuliko yote dukani mpaka akaishiwa maneno. Tangu siku hiyo ikawa sheria ya Zelnick: hakuna gitaa linalohukumiwa kichwa wazi. Soksi huwa inafuliwa, nawahakikishia.

Mimi, Odessa Tate wa kaunta ya mbele, nimeombwa niandike mafanikio yake, na najua wengine wangeanza na picha zilizoko ukutani na wanamuziki aliowachagulia magitaa. Hayo mtayaona wenyewe mkinywa soda. Mimi naandika juu ya mara moja aliyokosea, kwa sababu hapo ndipo nilipomheshimu kuliko siku nyingine zote.

Zamani, kusini mwa jiji, jirani na soko la Mtaa wa Tisa, aliishi fundi aitwaye Donato Colafranco. Alitengeneza magitaa ya kifua kwa mkono, katika chumba cha nyuma ya nyumba yake, na mkewe Bi Assunta ndiye aliyepaka vanishi. Mzee alifariki bila mtoto. Magitaa yake yalipoletwa kwetu kutengenezwa, Bwana Purnell alikuwa akienda kwa mjane kuuliza habari za vanishi, na huko akalishwa. Urafiki ukaota hivyo, juu ya meza ya jikoni.

Kisha mpwa wa marehemu akaliuza jina kwa kampuni ya magitaa. Si nyumba, si patasi, jina. Bi Assunta alikuja dukani kwa basi akiwa amevaa koti jeusi, akasimama mbele ya meza ya Bwana Purnell. "Wameuza jina la mume wangu kama watu wanavyouza kiti kibovu," alisema. "Sasa niahidi wewe. Gitaa lolote la jina hilo ambalo si la mkono wake, lisitoke hapa na kadi yako." Bwana Purnell akaahidi. Ahadi ni deni, na huyu si mtu wa kukimbia deni.

Mwaka 2012 magitaa mapya ya Colafranco yakafika mjini, yametengenezwa Indonesia, yanauzwa dola mia tisa. Gitaa la mkono wa mzee, ukibahatika kuliona, lilikuwa bei ya gari jipya. Bi Roz, ambaye mauzo yake mwaka huo hayakuwa ya kusimulia, aliagiza matatu ya kujaribu. "Leland, sikuombi uyapende," alimwambia. "Nakuomba uyasikilize tu."

Soksi ikavalishwa. Bwana Purnell akapiga la kwanza. Kwenye noti za chini, karibu na kichwa, sauti ilikaa sawa. Alipopandisha mkono kwenye noti za juu ikaanza kuchacha, kila noti ikatoka pembeni kidogo ya mahali pake. La pili hivyo hivyo, na la tatu. Akaliweka chini. "Haya yanadanganya," alisema. "Yakiwa chini yanasema kweli, yakipanda yanadanganya. Kama jina lao." Tulicheka sana. Yakarudishwa wiki hiyo hiyo, na mhukumu wetu akatununulia mikate ya chumvi iliyosokotwa, jambo ambalo kwa mkono wake mgumu halikuwa dogo. Habari zikaenea mjini kwamba Purnell ameyakataa.

Miezi ikapita. Wiki moja kabla ya Pasaka akaingia Dada Delphine Gadsden, mpiga gitaa wa kanisa moja la huko Mtaa wa Diamond, mpishi wa shule siku za kazi, na msomaji wa kadi zetu tangu enzi. Alikuwa amebeba boksi, na ndani yake mlikuwa na Colafranco jipya alilonunua kwingine.

"Najua utanisema, Bwana Purnell," alianza. "Basi nigombeze huku unatengeneza."

"Sikukwambia, Dada?"

"Hukuniambia mimi. Uliwaambia watu wote wasinunue hili. Hukusema mwenye hela kama zangu anunue lipi. Sasa nikipanda juu linatoka nje ya sauti, na kwaya nzima inanigeukia mimi."

"Lilianza lini?"

"Juzi, nilipobadilisha nyuzi."

"Ulizitoa zote kwa pamoja?"

"Ulitaka nizitoe mojamoja kama ninayeng'oa mvi?"

Bwana Purnell akafumba macho. Wenzangu wa dukani wanajua kwa nini. Kwenye gitaa la kifua, daraja, kile kipande cha mti kinachobeba nyuzi, halikugundishwa. Linasimama mahali pake kwa kukandamizwa na nyuzi tu. Ukizitoa zote, linatangatanga. Ukizilegeza kwa safari ndefu, linatangatanga pia. Yeye mwenyewe ametufundisha hivyo mpaka tukachoka kumsikia: kabla ya kulitukana gitaa, angalia daraja.

Akainama. Daraja lilikuwa limehama upana wa ukucha. Akalisukuma kwa vidole gumba viwili, akakaza nyuzi, akapiga. Akapanda katikati ya shingo, akapanda juu zaidi, na akabaki huko juu, anarudia na kurudia, kwa sababu kulikuwa kutamu. Nilisahau kumrudishia mteja chenji yake, na mteja naye akasahau kuidai.

Kisha akaacha kupiga, akanigeukia. "Odessa, yale matatu tuliyorudisha. Nani aliangalia daraja?"

Kazi hiyo ilikuwa yake. Mganga hajigangi. Siku ile ya hukumu, maboksi yenye jina kubwa la Colafranco yalikuwa yameachwa mlangoni, na alikuwa ameyaona tangu asubuhi. "Gitaa mlilivalisha soksi," alisema taratibu. "Mimi ndiye niliyekuwa kichwa wazi."

Bi Roz, mwanamke wa biashara, alitaka kupiga simu ya oda pale pale. Bwana Purnell akamzuia: hataandika kadi mpaka aonane na Bi Assunta.

"Leland, yule mama ana miaka karibu tisini. Hatajua."

"Mimi nitajua, Roz."

Tulikwenda siku iliyofuata kwa gari langu. Dada Delphine alikuja pia, kwa sababu alisema gitaa lake haliendi kwa watu bila yeye. Njiani nilielewa kinachomlemea Bwana Purnell. Neno lake ndilo lililokuwa mali yake yote. Akiandika kadi, amemsaliti mjane. Asipoandika, amewadanganya watu wote wanaomwamini, na wa kwanza wao alikuwa ameketi kiti cha nyuma amelipakata gitaa.

Bi Assunta alitupa kahawa chungu na biskuti za anisi. Bwana Purnell hakugusa. "Nilikosea, mama," alisema. "Nililihukumu gitaa kwa hasira yangu, si kwa masikio yangu. Ni gitaa la kweli. Lakini nilikuahidi. Ukisema hapana, kadi haitaandikwa, na nitawaambia watu wasiniulize tena juu ya jina hili."

Mama akafuta mikono kwenye aproni, akalichukua. Akanusa kwenye matundu. "Gundi," alisema. Akapapasa uso. "Vanishi nene hivi! Donato angewafukuza wote." Kisha akalitazama jina lile kichwani, akalitazama muda mrefu mpaka nikatamani nisingekuja.

"Nani analipiga?" aliuliza.

Dada Delphine akapiga wimbo mmoja wa kanisani, taratibu. Bi Assunta akasimama nyuma yake, akaweka kiganja mgongoni mwa gitaa na kukiacha pale mpaka mwisho.

"Ya Donato yako wapi siku hizi, Purnell?"

"Kwa madaktari, mama. Kwa wanasheria. Mengi yako kwenye makabati ya vioo."

"Yanapigwa?"

"Machache."

"Mume wangu aliwatengenezea vinyozi," alisema. "Wapishi. Watu wa kupiga Jumamosi." Akamgusa Dada Delphine begani. "Hili si lake. Usithubutu kumwambia mtu kwamba ni lake, nitakuja kwa basi nikupige! Lakini jina lake halijaenda kanisani siku nyingi. Liache liende."

Alilia, na Bwana Purnell akalia. Mimi nilikuwa nimewatangulia.

Kadi aliyoandika ameitunza Bi Roz, na leo imetundikwa mlangoni mkiingia. Siku ile Bwana Purnell aliisoma kwa sauti mbele yetu wote kabla ya kuitundika: "Hili halikutengenezwa na Donato Colafranco. Limetengenezwa Indonesia na mafundi ambao majina yao hayakuandikwa popote, na wanastahili kuandikwa. Vanishi nene. Shingo njema, sauti ya kweli. Mimi, Purnell, nililihukumu vibaya. Angalia daraja kwanza." Mteja mmoja wa siku nyingi alimkebehi: "Purnell, wamekununua kwa bei gani?" Akajibiwa papo hapo: "Bei yangu ungekuwa nayo, usingekuja hapa kila Jumamosi kusoma kadi za bure."

Si kila Colafranco jipya lilipita mbele yake baada ya hapo. Mengine aliyakataa, kwa shingo iliyopinda au kazi ya haraka, na aliyakataa baada ya kuangalia daraja. Lakini wapigaji wengi wa makanisani na wa baa ndogo za mji huu wameshika gitaa zuri la kifua kwa sababu mtu mmoja alikubali kusema mbele ya watu kwamba amekosea. Bi Assunta alipotutoka miaka minne baadaye, Dada Delphine alipiga kwenye mazishi, kwa gitaa lile lile. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

Tunamshukuru Bi Verna Purnell, ambaye kwa miaka yote hii ametuazima mumewe kila Jumamosi, na sasa tunamrudishia akiwa na alama chache za matumizi. Kwenye dirisha la nyuma tutahukumu sisi, Mungu atusaidie.

Na sasa, Bwana Purnell, haya ni yako mwenyewe. Asante kwa masikio yako, na asante zaidi kwa siku ile ulipowaambia watu kwamba ulikosea. Tunakuombea afya, Jumamosi ndefu za nyumbani, na nyuzi zisizokatika katikati ya wimbo. Kwenye meza yako kuna gitaa la kifua lililochangiwa na wafanyakazi wote. Kichwani limevaa soksi ya kijivu, ile ile, na jina lake hatukwambii. Daraja tumelisogeza upana wa ukucha, kwa makusudi, ili usituage bila kutugombeza.