Jumanne Tano za Wauza Mboga

Mheshimiwa Mbunge wetu, mgeni rasmi, Mheshimiwa Diwani, Ndugu Katibu wa Ofisi, uliyekuwa bosi wangu mpaka saa kumi jioni ya leo, ndugu wafanyakazi wenzangu, ndugu wageni waalikwa, mama zangu na dada zangu wa sokoni, mliojibana kule mlangoni kama kawaida yenu wakati viti vya mbele viko wazi, na wewe binti yangu, kitindamimba wangu, uliyetafutiwa kiti chenye mto: nawasalimu nyote.

Nashukuru kwa feni mliyonizawadia kwa kustaafu. Nashukuru pia kwa maneno, maana nimesifiwa mpaka nikageuka nyuma kutazama kama anayesemwa ni mtu mwingine. Ndugu Katibu ametuambia kwamba kwa miaka ishirini na sita mama huyu akiwa mapokezi, chini ya wabunge watatu, ofisi haijapata fujo hata siku moja. Ni kweli, wala hakuongeza chumvi. Ndiyo sababu nimeomba dakika kumi nieleze utulivu huo ulitengenezwaje, kwa kuwa fundi wake ni mimi, na siuonei fahari.

Kazi yangu mnaijua. Mwananchi anaingia, anavua kofia, anasubiri kwenye benchi. Zamu yake ikifika anatoa barua mbili zinazofanana, moja ya ofisi na moja yake. Nasoma kichwa cha barua, nagonga muhuri wa Imepokelewa kwenye zote mbili, naweka tarehe na sahihi. Na hapo, ndugu zangu, ndipo sisi watu wa hapa tulipopotelea. Mtu akishagongewa muhuri, uso wote unakunjuka. Anatoka nje anawatangazia wenzake, "Barua imeingia!" nao wanampa mkono wa pongezi. Imeingia wapi? Imeingia kwenye kabati la chuma, droo ya pili, ile isiyofunga vizuri. Yuko mzee mmoja aliyeifunika nakala yake kwa nailoni akaitundika sebuleni, pembeni ya picha ya harusi yake. Mtaro aliouomba haujachimbwa mpaka leo. Mnacheka, hata mimi nilicheka aliponisimulia.

Miaka minane iliyopita alikuja fundi baiskeli wa pale njia panda. Dari ya chumba cha kujifungulia kwenye zahanati yetu ilikuwa imeanguka, chumba kikafungwa kwa kufuli, na mke wake alikuwa na mimba ya miezi saba. Barua yake ilikuwa ya aya moja, ina alama ya kidole chenye grisi pembeni. Aliomba chumba kitengenezwe kabla mke wake hajafikia siku zake. Nikagonga. Akaniambia, "Ubarikiwe, mama," akaondoka ameridhika kabisa.

Mke wake alifia njiani wakielekea hospitali ya mbali, na mtoto hakupona. Wiki mbili baadaye fundi alirudi asubuhi, benchi limejaa watu. Hakupiga kelele. Aliweka nakala yake mezani kwangu akauliza, "Mama, huu muhuri kazi yake ni nini?"

Mimi nina maneno mengi, wanaonijua wanajua. Siku ile yaliyonitoka ni matatu tu. Nikamwambia, "Kaa kidogo, baba." Hakukaa.

Marehemu aliacha dada, muuza mboga. Jumanne iliyofuata dada huyo aliingia ofisini na wenzake kumi na wawili, na hawakuwa na barua. Sasa nisikilizeni vizuri, kwa maana jambo hili nisingeweza kulisema nikiwa bado kazini. Ofisini hatuogopi barua. Wala hatuogopi mtu wa kelele. Huyo tunampa kiti na soda, na chupa ikiisha hasira nazo zimeisha. Tulichokiogopa, kwa miaka yangu yote, ni wanawake wale kumi na watatu.

Walikuwa na swali moja tu: chumba kitafunguliwa lini? Tukisema Mheshimiwa ametoka, wanasema watamsubiri, wanakaa kwenye mabenchi yetu wanachambua mboga zao. Jumanne ya pili wakarudi. Ya tatu, Mheshimiwa alipitia mlango wa stoo akawakuta wawili wamesimama pale nje, wakamwamkia kwa adabu zote. Ya nne akawapokea, akawaambia mafundi wataanza tarehe moja ya mwezi unaofuata. Yule dada akatoa daftari la shule, akaandika maneno hayo, akamsomea, akamuuliza, "Nimeandika sawasawa?" Akajibiwa kwamba ni sawa. Tarehe moja ikapita, Jumanne ya tano ikafika, wakafungua daftari wakamsomea maneno yake mwenyewe mbele ya watu wote waliokuwa kwenye foleni. Sijapata kuona mtu mzima akitafuta kalamu mfukoni kwa muda mrefu namna ile.

Usinitazame hivyo, Mheshimiwa, nakusifu. Siku ile ulitokwa jasho, na ndiyo siku pekee niliyokuona unakaribia kuifanya kazi tuliyokuchagulia. Wiki moja zaidi, nadhani, ungeleta mafundi.

Lakini ulinivuta pembeni ukaniambia, "Mama, nitolee watu hawa. Kwa upole." Nami nikawatoa kwa upole. Niliwapikia chai kwa mikono yangu. Nikawaambia, "Mama zangu, mbona mnajichosha? Chagueni watatu waandike barua, nitaigonga mimi mwenyewe. Jumanne bakini sokoni, mboga zinanyauka." Waliniamini kwa sababu mimi ni mwenzao, nanunua kwao kila jioni, nawajua watoto wao. Dada wa marehemu alinitazama sana. Akauliza, "Kweli, dada?" Nikasema, "Kweli."

Barua ikaja, nikaigonga, ikaingia. Jumanne iliyofuata mabenchi yalikuwa matupu. Mwezi ule nikapewa cheti cha mfanyakazi bora.

Juzi nilipita zahanati. Kufuli lile limeota kutu. Ukichungulia dirishani unaona viti vibovu vimepangwa mpaka karibu na paa, na kitanda cha kujifungulia kimelazwa ubavu. Miaka minane! Ni wanawake wangapi wamepakiwa nyuma ya pikipiki, na kila ndugu aliyekuja kulalamika nilimwambia nini? Nilimwambia aandike.

Mtaniuliza, na mna haki ya kuniuliza, kwa nini sikusema siku zote hizi. Je, ni dhamiri imenisuta? Ningependa kudai hivyo. Binti yangu ana mimba ya miezi minane. Asingekuwa na mimba, ningepokea feni yangu nikakaa kimya, tukala, tukaagana. Mimi ni mtu wa namna hiyo, na naona aibu.

Wananchi wafanye nini, basi? Nimekwisha kusema. Nendeni wengi, na swali moja. Takeni tarehe, si ahadi. Yaandikeni maneno ya mkubwa mbele yake, mmsomee, na siku ikifika mrudi mmsomee tena, na mtu kama mimi akiwaletea chai, inyweni lakini msiondoke. Ni rahisi hivyo. Na siamini kwamba mtakwenda. Nimewatazama kutoka nyuma ya meza ile maisha yangu yote. Tunatosheka mapema mno, sisi, kwa vitu vidogo mno. Nasema hivyo kwa uchungu, wala siwatukani.

Kwa hiyo naanza mwenyewe. Mheshimiwa Mbunge, chumba cha kujifungulia kitafunguliwa lini?

Sina haraka, nimestaafu. Nasubiri.

Naona unamnong'oneza Ndugu Katibu. Ndugu Katibu, tafadhali usisimame kunishukuru, bado sijamaliza. Sitaandika, najua barua inakwenda wapi. Nataka tarehe tu, Mheshimiwa. Binti yangu yule pale, mtazame, amebakiza wiki tano.

Nani ameanza kupiga makofi? Mshereheshaji, wazuie. Jamani, msipige makofi, nimemuuliza mtu swali. Mkipiga makofi hawezi kujibu, na tena hana haja ya kujibu! Hata ninyi mama zangu kule mlangoni? Hata wewe, dada yangu, wewe uliyekuwa na daftari? Najua mnaniunga mkono. Najua mnafurahi kwamba limesemwa. Nyamazeni basi, nawaomba, nyamazeni dakika moja tu ajibu.

Sasa Mheshimiwa naye amesimama. Anapiga makofi kuliko ninyi nyote, na anatabasamu.

Haya. Binti yangu peke yake hapigi makofi. Mikono yake iko tumboni. Nawashukuru nyote kwa kunisikiliza, kama kweli huku ndiko kusikiliza.