Gaudensia Kokugonza na Mtoto wa Filadelfia

Bi. Gaudensia Kokugonza anastaafu Ijumaa hii, tarehe 30 Mei 2025, baada ya kuitumikia Taasisi yetu miaka ishirini na tisa na miezi minne kama mfanya usafi. Menejimenti imemwandikia aya moja ya Kiingereza na kuibandika karibu na lifti. Inasema hakuwahi kuchelewa. Si kweli. Alichelewa mara mbili, zote kwa sababu ya basi namba 53, na mara zote mbili alimsomesha dereva mpaka abiria wakapiga makofi.

Hii hapa ndiyo aya yetu sisi wa ndoo na wa getini, ya kusomwa kwenye ukumbi wa parokia, Woolwich, kabla ya pilau. Nimepewa mimi, Ambrose wa getini, kwa kuwa wenye elimu walisema hawana nafasi. Niliishia darasa la saba, na hilo la saba walinihurumia. Atakayeona kosa anyamaze, chakula kinapoa.

Gaudensia alizaliwa Kamachumu, Kagera, akasomeshwa na masista, na kama Wahaya wote anaamini elimu ilianzia kwao ndipo ikashuka kwa wengine. Alikuja London mwaka 1994 kumfuata mume. Mume hakuonekana uwanja wa ndege, na mpaka leo hajaonekana. Akamlea binti yake Lilian peke yake. Lilian sasa ni muuguzi, anakaa Ilford, na huko ndiko mama anahamia.

Januari 1996 akaanza kazi kwetu. Kwa wageni wa sherehe wasioijua Taasisi: ni nyumba ya wasomi wanaochunguza miji ya kale ya Uturuki, na kila mji una chumba chake. Gaudensia alipewa ghorofa ya tatu, chumba cha Alaşehir. Leo huo ni mji wa mkoani tu, watu wanalima zabibu na kuzianika. Lakini zamani uliitwa Filadelfia, na aliyewahi kukaa kanisani bila kusinzia amelisikia jina hilo. Ni mmoja wa ile miji saba ambayo makanisa yake yaliandikiwa barua.

Historia ya mji huo Gaudensia aliijua kuliko sisi tunavyozijua koo zetu. Alitueleza habari za mfalme na mdogo wake. Warumi walimchochea mdogo ampindue kaka, mdogo akakataa, na mji ukapewa jina kwa heshima ya upendo huo. Nilimwambia ndugu wa namna hiyo kwetu Rombo hawajazaliwa. Alitueleza tetemeko la mwaka wa kumi na saba, Yesu akiwa bado kijana anaranda mbao, watu wakahama nyumba na kulala mashambani miaka na miaka kwa sababu kuta hazikuacha kupasuka. Waumini kumi na mmoja wa mji huo waliuawa Smirna pamoja na askofu wa huko. Mji ulizungukwa na Waturuki ukabaki peke yake, wa mwisho kusalimu amri upande ule, mwaka 1390. Wakristo wa mwisho waliondoka miaka mia moja iliyopita. Kilichobaki ni nguzo tatu nene za kanisa katikati ya mji, na njiwa wanazitumia mnavyojua njiwa wanavyotumia vitu.

Siku moja profesa mgeni alikuwa anahutubia, akakosea nani kaka na nani mdogo. Gaudensia alikuwa nyuma na dekio lake. Akakohoa. Profesa akaendelea. Akakohoa tena, mpaka yule bwana akatazama karatasi zake na kuomba radhi. Tulimcheka wiki nzima. Yeye alisema tu kwamba mdogo yule alistahili haki yake.

Elimu hiyo alipewa na Dk. Dhiren, Mungu amrehemu. Huyu alikuwa Mhindi wa Kisumu, mkazi wa Neasden, mtu wa hekaluni kila Jumapili, lakini moyo wake ulikuwa kwa Wakristo wa Filadelfia waliokufa zamani. Kiswahili chake kilikuwa cha dukani, cha kuuza sukari na bati, naye hakukionea haya. Saa moja asubuhi Gaudensia akimaliza sakafu, Dk. Dhiren alikuwa ameshafika na chai ya maziwa kwenye chupa. Wanakunywa, anafungua kabati, anamwonyesha karatasi zake.

Karatasi hizo lazima nizieleze, maana ndipo balaa lilipo. Msomi akikuta jiwe lenye maandishi haondoki nalo. Analoweka karatasi nene, anaiweka juu ya jiwe, anaipigapiga kwa brashi mpaka inazama ndani ya herufi. Ikikauka anaibandua, nayo imebaki na matuta na mashimo ya herufi zote. Haina wino. Maandishi ni yale matuta. Chumba cha Alaşehir kilikuwa na kumi na nne za namna hiyo, zilizochukuliwa zaidi ya miaka mia iliyopita.

Moja ilikuwa ya kaburi la mtoto, ya Wakristo wa mwanzo kabisa, jiwe lililokutwa kwenye ukuta wa zizi nje ya mji. Dk. Dhiren aliisoma kwa kidole, akaitafsiri kwa Kiswahili chake cha dukani, na Gaudensia akakinyoosha. Wakawa na maneno yao. Dk. Dhiren hakuyachapisha kitabuni kwa sababu kuna neno moja lilimsumbua, akasema atalimaliza mwakani. Alisema mwakani miaka kumi. Akafa mwaka 2012, na watoto wake wakayapeleka madaftari yake yote kwenye pipa kubwa la taka la mtaani. Hawakuwa na ubaya. Hawakuweza kuusoma mwandiko.

Februari 2014 bomba lilipasuka ghorofa ya nne. Gaudensia alizama kwenye maji mpaka magotini, akaziokoa karatasi zote kumi na nne, akazining'iniza kwa vibanio chumba cha boila, akaenda nyumbani na homa.

Jumatatu alfajiri mimi ndiye niliyeingia. Kabla ya geti nilikuwa mpiga pasi, miaka tisa kwenye duka la dobi hapo hapo Woolwich, na mpiga pasi haoni kunyanzi akanyamaza. Nikaziona zimekauka, zimejikunja, zina mabonde na vilima. Nikasema nimfanyie mama wa watu hisani. Nikaweka kitambaa juu, pasi kwenye moto wa pamba, mvuke kidogo. Kufika saa mbili zilikuwa zimenyooka kama shuka za hospitali. Nikazipanga kwenye jalada nikamsubiri anishukuru.

Alipozishika alipitisha kidole juu ya ile ya kwanza, taratibu, kutoka kushoto kwenda kulia. Kisha ya pili. Alizipitia zote kumi na nne. Mkurugenzi wa wakati ule alikaa kwenye ngazi akaweka kichwa kwenye magoti.

Kumi na tatu zilikuwa na picha, au jiwe bado lipo huko. Ya mtoto haikuwa na picha.

Faili la Gaudensia linasema yeye ndiye aliyepiga pasi. Alisaini. Mimi nilikuwa na miezi miwili kazini na karatasi zangu za kuishi nchi hii zilikuwa bado zinajadiliwa na watu nisiowajua, na yeye alijua hilo. Akatolewa chumba cha Alaşehir, akapewa ngazi na vyoo, miaka kumi na moja. Mimi nikapata karatasi zangu. Nikaendelea kumtania getini kila asubuhi kana kwamba tuko sawa. Leo nimeandika. Mkurugenzi wa sasa akitaka, na mimi nina faili la kuandikwa.

Mwaka 2015 alijiunga na hija ya parokia ya makanisa saba, nia yake ni kulitafuta lile jiwe. Mwongozaji aliwapa Alaşehir dakika ishirini: nguzo tatu, geti limefungwa, zabibu, rudini kwenye basi. Gaudensia alichukua teksi bila ruhusa. Penye zizi alikuta barabara ya njia nne. Mzee mmoja wa pale alimwonyesha kwa mikono jinsi mawe yalivyosagwa kuwa kokoto ya kutandazia barabara. Alirudi na kilo mbili za zabibu kavu akatugawia, tukamwuliza kama ameona mtume yeyote.

Akaenda kwa Mkurugenzi huyu mpya, akamwambia kwamba maneno ya jiwe anayo kichwani. Mkurugenzi alimjibu kwa adabu kwamba bila jiwe, bila karatasi na bila daftari hakuna cha kuingiza kwenye orodha. Hapo Gaudensia aliona haya, na tangu siku hiyo hakuyaandika popote. Aliyasema tu. Kila asubuhi kwenye chumba cha chai, mkono juu ya kikombe, aliyasema yote toka mwanzo hadi mwisho, kama wengine wanavyosema Salamu Maria. Sisi tulikuwa tunacheza drafti. Mimi nilikuwa naitikia amina kabla hajamaliza, ili watu wacheke.

Mwezi Machi mwaka huu, katikati ya Kwaresima, alifika mahali pa jina la mtoto akasimama. Nikamwambia, "Alimwita Ambrose, endelea." Watu wakacheka. Akarudi mwanzo. Akafika pale pale akasimama. Akarudi mara ya tatu, polepole, kama mtu anayepanda ngazi gizani, na mguu ukakosa kidato kile kile. Ndipo akatugeukia.

"Nyie mmenisikia miaka yote. Aliitwa nani?"

Tulikuwa watu saba mezani. Hakuna aliyejua. Thérèse wa Bukavu, aliyekaa karibu naye miaka tisa, alianza kulia kabla yetu sote.

"Mama Gaude, nilikuwa naisikiaka kila siku," akasema, "njo maana sikuishika."

Baada ya hapo vilifuata vingine. Funguo, namba ya kengele ya mlango, siku ya juma. Lilian, kwa kuwa ni muuguzi, alijua kabla daktari hajasema, na ndiyo maana Gaudensia anastaafu sasa na si Desemba alivyopanga. Lilian alitafuta majina ya kale ya Kigiriki, kurasa nne, akamsomea moja moja. Ukurasa wa kwanza mama alitikisa kichwa kila jina. Ukurasa wa pili akaanza kuitikia ndiyo kwa kila jina, kwa kuwa aliona binti yake amechoka. Lilian akazikunja kurasa akaziweka mkobani.

Nilimwomba Gaudensia anisemee yaliyobaki, na safari hii nilikuwa na kalamu. Haya hapa, na hayapo pengine popote duniani:

Mimi Melitina, mjane, mfuma sufu, nimeweka jiwe hili.
Mtoto huyu si wa tumbo langu. Nilimtoa chini ya ukuta siku ardhi ilipotikisika.
Jina alilopewa na mama yake hakubaki mtu wa kuniambia.
Mimi nilimwita . . . . . . . . . .
Alikaa kwangu miaka saba. Amelala, anamngoja Bwana.
Wewe upitaye, mwite kwa jina.

Lile neno lililomsumbua Dk. Dhiren ni hilo "mwite". Hakuwa na hakika kama ni mwite au mkumbuke. Hatuwezi hata moja.

Chumba cha Alaşehir kinageuzwa kuwa mkahawa mwezi wa Septemba. Programu hizi za sherehe, zenye aya hii, zimechapwa arobaini, na ninawajua, nyingi zitafutia mikono baada ya pilau. Futeni, lakini kwanza mmoja wenu akae akumbuke asubuhi moja tu, yoyote, chai iko mezani na yule mama anasema maneno yake. Nimejaribu kila siku tangu Machi. Nasikia sauti yake vizuri, nasikia kijiko, nasikia kete za drafti, na likifika jina nasikia amina yangu mwenyewe.

Bi. Gaudensia, wenzako wa ndoo, wa ngazi na wa getini tunakushukuru kwa sakafu zote, kwa zabibu, na kwa ile saini. Nenda Ilford ukapumzike, usiamke saa kumi alfajiri, mwache Lilian akupikie. Tunakuombea siku tulivu, na kama ni nyingi au chache basi ziwe na watu ndani yake. Na likikurudia, hata kama uko jikoni na sufuria inaungua, nipigie mimi. Usijali ni saa ngapi. Usianze na salamu, sema jina kwanza.