Siku Niliyosema Nina Jambo

Mwenyekiti wa kikundi chetu amenisalimu hapa mbele yenu, "Hujambo, mama?", na nyote mmeona nimenyamaza. Msiseme bibi wa mahamri hana adabu. Nimezaliwa Malindi, salamu naijua tangu sijajua kujifunga kanga. Nitamjibu, lakini niacheni kwanza nieleze.

Ndugu zangu, mimi nimezika mtoto. Kifungua mimba wangu. Alikwenda kujifungua huku anacheka, ananiambia nimwekee mbaazi za nazi, maana akirudi atakuwa na njaa. Nilimwekea. Ukarudi mwili wake, na kitoto kichanga cha kike kimefungwa kanga niliyompa mimi mwenyewe aende nayo. Zile mbaazi sijui nani alizimwaga.

Matanga yakaisha, watu wakaenda makwao, nikabaki na yule mtoto. Nasema "yule" kwa sababu ndivyo nilivyokuwa nikimwita. Maziwa nilimpa, nguo nilimfulia. Kumpakata ndiko kulikonishinda. Namlaza mkekani, chupa naishika kwa mbali, akilia namwita dada yangu. Na dada yangu huyo hana maneno ya kuzunguka. Akaniambia, "Nenda kwa wale wa ushauri nasaha pale zahanati. Huendi, mtoto namchukua aje kwangu Jilore. Hapa atakua hajui joto la mtu." Niliumia, lakini nilijua hatanii. Nikaenda.

Sasa sikilizeni nilivyokwenda. Nimevaa buibui langu la harusini, nimebeba kikapu cha mahamri ya moto. Mshauri mwenyewe ni binti, rika la marehemu wangu. "Shikamoo, mama." "Marahaba, mwanangu." "Hujambo?" "Sijambo, alhamdulillahi." Wa nyumbani? Wazima. Biashara? Inakwenda. Hapo mimi nikageuka kuwa mwenyeji: mama yako yu mzima? Na wewe utaolewa lini? Saa yetu inakwisha, naaga, narudi nyumbani kikapu kitupu na moyo umejaa vilevile. Wiki hii hivyo, wiki ijayo hivyo. Nikawaambia majirani, hao watu hawana dawa yoyote, wanakula mahamri tu. Chekeni, hata mimi nacheka.

Siku moja binti akakipokea kikapu, akakiweka chini bila kukifungua.

"Mama, mahamri yako nimeyala mpaka nguo zinanibana, na jina la mwanao bado silijui. Hujambo?"

"Sijambo."

"Hiyo ni ya barazani. Hapa mlango umefungwa. Kweli huna jambo?"

Ndugu zangu, nawaambia, neno hilo nimelitamka maisha yangu yote na sikuwahi kulisikia. Sijambo. Sina jambo. Mimi! Na mwanangu yuko chini ya mchanga. Nikasema, "Nina jambo." Nikasema, "Mwanangu amekufa." Kabla ya hapo nilikuwa nikisema ametutoka, ametangulia, utadhani kaenda Mombasa atarudi. Nikalitaja jina lake. Na nyuma ya jina likatoka lile nililokuwa nikilificha hata kwenye sala: "Yule mtoto nikimtazama, namwona aliyeniulia mwanangu."

Nilidhani atanifukuza. Hakuniambia nyamaza wala jikaze, maneno ambayo sote tuliofiwa humu tumeyashiba. Aliniacha nikalia mpaka buibui likalowa kifuani. Kisha akasema taratibu, "Mama, huyo mtoto naye amefiwa."

Amefiwa! Hilo halikuwa limenipitia akilini hata mara moja. Kumbe nyumba ile ilikuwa na wafiwa wawili, na mmoja wao nimemwacha mkekani peke yake. Nilirudi nyumbani, nikakaa chini na buibui langu, nikampakata. Yeye hakulia. Niliyelia ni mimi, machozi yakawa yanamdondokea utosini.

Sikupona siku ile, msidanganyike. Mara nyingine nilitoka kwa yule binti nimechoka kuliko nilivyoingia, nikaapa sirudi, na wiki iliyofuata nikajikokota nikarudi. Kuna siku alinielewa visivyo, nikaona haya kumrekebisha, mtu kaisomea kazi yake. Nikamwambia hata hivyo, naye akashukuru. Hawezi kujua panapouma kama hujamwonyesha. Kwa hiyo wenzangu, mkienda kule, mahamri acheni nyumbani. Yale mnayoyaonea haya ndiyo muende nayo.

Namshukuru dada yangu, yule pale nyuma anayejifanya hanisikii, amembeba mjukuu wangu. Kama angeninyamazia siku ile, leo ningekuwa peke yangu. Binti wa zahanati simtaji, ndio utaratibu wetu humu, lakini Mungu anamjua na amlipe. Nawashukuru nanyi mnaonisikiliza. Mjukuu ameanza kutembea. Ananiita mama. Kila akiniita neno hilo linanichoma, maana kuna mwenyewe aliyestahili kuitwa hivyo. Naitika.

Sasa mwenyekiti, jibu lako hili hapa: nina jambo. Nitakuwa nalo mpaka nizikwe, ila siku hizi nakuwa nalo huku nimempakata mtoto.

Nanyi je, ndugu zangu, hamjambo? Msinijibu upesi.