Bernadina Mageni na Sauti za Wazee Alizohofia Zitapotea

Marehemu Bernadina Mageni, Mama Rhoda, alizaliwa Songwa, wilayani Kishapu, tarehe 14 Machi 1971, mtoto wa kwanza wa Mzee Mageni na Mama Mariana. Mama Mariana alikuwa mwimbaji wa kikundi cha kulima, na binti yake alijifunza kutembea kwenye matuta ya pamba akiisikiliza sauti ya mama yake.

Alisoma shule ya msingi hapo hapo Songwa, sekondari Shinyanga mjini, kisha ukutubi Bagamoyo. Baba alitaka awe nesi. "Baba, nikiona damu nitaanguka mimi kabla ya mgonjwa," alimjibu. Mzee akacheka, akauza ng'ombe wa ada, mjadala ukaishia hapo.

Mwaka 1998 aliajiriwa maktaba ya Chuo Kikuu cha Nhobola, Geita. Mwaka 2001 alifunga ndoa na Valerian Chacha, fundi wa makarasha ya kusaga mawe ya dhahabu, wakajenga Kalangalala na kujaliwa Rhoda na Davis. Shemeji yetu Valerian akisema gesi ipo, Bernadina lazima anyanyue mtungi autikise mwenyewe. Alimchosha, jamani, lakini hawakuwahi kuishiwa gesi ugali ukiwa jikoni.

Kazi iliyomnyima usingizi ni Sauti za Wazee: rekodi zilizokusanywa na wanafunzi kuanzia Kishapu hadi Nkome, nyingi za watu ambao leo hawapo. Imo ya Mama Mariana, aliyefariki mwaka 2016. Vyuo vinne vilikubaliana kuzitunza pamoja, kila maktaba na nakala yake, ili mashine ya mmoja ikifa wengine wabaki nazo. Kila mwaka Bernadina aliwauliza wenzake kama nakala zipo, na kila mwaka alijibiwa, "Zipo, mama, mbona tunazifungua kila siku!"

Mwaka 2022 alikwenda Shinyanga kwa mkutubi wa chuo kimojawapo, Bwana Donatus. Donatus akabofya, sauti ya Mama Mariana ikajaa chumba, ikiamkia kwa Kisukuma: "Mwangaluka!" Bernadina akainama chini ya meza, akachomoa waya wa mtandao. "Haya, fungua tena." Kimya. Donatus akabofya mpaka jasho likamtoka. Kumbe alichokuwa nacho ni njia tu ya kuzifikia mtandaoni. Sauti zenyewe zilikuwa zikitoka kwenye mashine ya chuo cha Bernadina, Geita. Vyuo vingine viwili, hivyo hivyo. Nakala nne zilikuwa moja, tena kwenye mashine iliyoanza kuzimika ovyo kila umeme ukiyumba.

Hatusemi haya kumsuta mtu msibani. Lakini iliuma, na bado inauma. Alipiga simu, akabembeleza, akaambiwa linashughulikiwa. Figo zilipomlaza hospitali Mwanza, Agosti 2024, simu haikumtoka mkononi. Ukimpa shikamoo aliitikia marahaba, halafu anauliza, "Wamechomoa waya?" Davis, kwa huruma, akamwambia, "Tulia mama, wamechomoa." Akamtazama. "Ulikuwepo?" Mtoto akainamisha kichwa.

Alifariki Jumapili, tarehe 9 Februari 2025, saa nne asubuhi, bila kupata jibu.

Jana, ratiba hii ya mazishi ikipelekwa kuchapwa, Bwana Donatus alipiga simu. Amenakili zote, amechomoa waya mbele ya wenzake, na Mama Mariana ameamkia kama kawaida: "Mwangaluka!" Donatus alilia kwenye simu, nasi huku tukalia. Angesubiri siku tatu tu, Mungu wangu! Vyuo viwili bado viko kimya, na tunaambiwa wawakilishi wao wamo humu. Karibuni chakula, tunawashukuru kwa kuja. Mkitoka hapa, nendeni mkanakili, maana mashine ya Geita ilizimika tena juzi na ikachukua nusu siku kuwaka.

Ameacha mume, Bwana Valerian, watoto, Rhoda na Davis, mjukuu, Blessing, na wadogo zake, Salome na Boaz.

Pumzika kwa amani, dada yetu. Waya tutauchomoa sisi, na tutakuwepo.