Patrisi Tluway, Aliyemnyamazisha Baragumu
(14 Aprili 1971 – 9 Mei 2025)

Majirani wa Rhotia, na ninyi mliopanda kutoka Karatu mjini na Oldeani, poleni kwa safari na poleni kwa msiba. Aliyelala mbele yetu ni Patrisi Tluway, ambaye wengi wenu mlimwita Baragumu kwa jina la shujaa wake wa katuni, mpaka jina la ubatizo likasahaulika. Hakuwahi kulalamika. Alikuwa akiitwa Patrisi anageuka kuangalia ni nani mwingine amekuja.

Patrisi alizaliwa tarehe 14 Aprili 1971 hapa hapa Rhotia, mtoto wa kwanza wa marehemu mzee Tluway Amnaay na mama Theresia. Mama anasimulia kwamba mtoto huyu alilia kwa sauti nene tangu siku ya kwanza, hata jirani akauliza ng'ombe yupi amezaa. Leo mama yetu anamzika yule aliyemtegemea aje kumzika yeye, na hakuna neno la kumpoza. Tunamwomba tu akubali tukae karibu naye.

Alisoma shule ya msingi kijijini kuanzia 1979 hadi 1985. Akiwa darasa la tano alimchora mwalimu mkuu kwa mkaa ukutani, akampa mabawa na tumbo. Adhabu ikawa kupaka ukuta wote chokaa. Aliupaka vizuri mno, akaongezewa na kuta za madarasa mengine, na kwa njia hiyo adhabu ikageuka kuwa ufundi.

Baada ya kuchuma kahawa na baba yake Oldeani kwa miaka michache, mwaka 1992 alihamia Karatu mjini kujifunza kuchora mabango. Wengi wenu mmewahi kuendesha nyuma ya kazi yake bila kujua, kwa maana ndiye aliyechora kava za tairi za akiba za magari mengi ya watalii. Faru wake wote walikuwa wanatabasamu. Alipoulizwa sababu, alijibu, "Faru wa kreta anaona wazungu wakiungua jua kila siku. Asicheke ana nini?"

Tarehe 12 Oktoba 1996 alifunga ndoa na Laurencia katika parokia ya Karatu. Walijaliwa watoto wawili, Evarista na Emmanueli. Laurencia ni mwanamke wa maneno machache na makali, na Patrisi alikuwa wa maneno mengi na laini, kwa hiyo nyumba ile haikuwahi kukosa mazungumzo. Kanisani aliimba besi. Kwenye sherehe alikuwa wa kwanza kuombwa kuongoza slufay, ile sala ya baraka ya sisi Wairaqw, ambapo mmoja hutamka na wote huitikia.

Baragumu alizaliwa mwaka 2008. Alikuwa kijana wa Rhotia mwenye blanketi jekundu shingoni, na akipaza sauti mawe hupasuka na majangili hutupa bunduki. Rafiki yake Emilian, mwenye steshenari karibu na stendi, ndiye aliyechapa vijitabu vyake vya katuni. Madereva wa watalii walivisoma langoni Loduare wakisubiri vibali vya kuingia hifadhini. Siku moja nyani aliingia dirishani mwa gari akachukua furushi zima la vijitabu akidhani ni lanchi boksi, chakula cha watalii, akapanda nalo juu ya gari, akaanza kufunua kurasa. Patrisi alisema huyo ndiye msomaji makini kuliko wote, maana hakuruka hata ukurasa mmoja.

Mwishoni mwa 2018 sauti yake ilianza kukwaruza. Akasingizia vumbi la Karatu, akanywa tangawizi na asali. Februari 2019 madaktari wa hospitali ya rufaa walikuta saratani ya koo, na ili kumwokoa wakaondoa zoloto, mahali sauti inapotoka. Alirudi nyumbani akipumulia tundu shingoni, akizungumza kwa chaki na kibao kidogo. Mtu aliyekuwa anasikika toka ng'ambo ya bonde sasa alikuwa akipiga makofi kuomba chumvi mezani.

Tuseme ukweli, alivunjika moyo. Mwaka ule karibu wote hakuchora. Alikaa barazani akitazama barabara, na mtu akimuuliza Baragumu anatoka lini, aligeuza kibao. Aliamini shujaa wake amekufa, na kwamba yeye mwenyewe amebaki kama mgeni katika nyumba yake. Laurencia alivumilia mpaka ikafika jioni moja akamwekea kalamu mapajani.

"Baba Evarista," akasema, "wamekukata koo. Mkono hawajaugusa."

Patrisi akamwandikia kwenye kibao: *Baragumu ni sauti. Mimi sina.*

"Basi naye asiwe nayo. Tuone atafanyaje."

Ndipo Patrisi akachora kitabu ambacho Emilian alikisoma amesimama, kisha akakaa. Ndani yake Jitu la Vumbi linapanda kutoka Ziwa Eyasi, linakausha chemchemi, na linamsakama Baragumu kooni mpaka sauti inakwisha. Kuanzia hapo, kila shujaa anapofungua kinywa, kiputo cha maneno ni cheupe.

"Kaka, hii huwezi," Emilian alisihi. "Baragumu bila sauti ni nani? Ni mtu mwenye blanketi!"

Patrisi akaandika: *Chapa.*

Kikachapwa Machi 2020, na balaa likaanza. Watu walirudisha vitabu dukani wakidai mashine imeishiwa wino. Dereva mmoja alimfokea Emilian kwamba amemuuzia nusu kitabu. Wengine walioelewa walikasirika zaidi, wakasema Patrisi ameleta ugonjwa wake kwenye furaha ya watoto. Maneno hayo yalimfikia na yalimuuma. Hata hivyo akachora toleo la pili, akijua kwamba likikataliwa hatakuwa na la tatu.

Katika toleo hilo Jitu linasimama juu ya mahindi ya Rhotia. Baragumu anainua mkono kama mzee anayeanza slufay. Kiputo ni cheupe. Bibi mmoja aliyekuja kuteka maji anautazama ule mkono, na kwa kuwa kwetu baraka haiachwi bila kuitikiwa, anaitikia. Wanaitikia wachuma kahawa, wanaitikia wachunga ng'ombe waliokuwa wakipita, na kurasa nne nzima zinajaa "Eee!" mpaka Jitu linabomoka na kuwa udongo wa kupandia.

Watoto ndio waliotuonyesha njia. Walichukua kalamu wakajaza viputo vyeupe kwa maneno yao, wengine kwa Kiswahili, wengine kwa lugha za nyumbani. Kitabu kikishajaa, walitaka kingine kitupu. Madereva nao wakaanza kushindana langoni nani ameandika tusi zuri la kumtukana Jitu. Emilian, aliyeapa kwamba biashara imekufa, alinunua mashine ya pili, na tangu hapo amekuwa akieleza kwamba wazo lilikuwa la wote wawili.

Jumamosi ya tarehe 17 Septemba 2022 ilikuwa sendofu ya Evarista, sherehe ya kumuaga binti anayeolewa. Baba ndiye hutoa baraka, na ndugu tulikuwa tumenong'onezana nani asimame badala yake. Patrisi hakutungoja. Alisimama, akainua mkono, midomo ikacheza bila sauti. Ukumbi mzima ukaitikia, "Eee!" Akatamka tena kimya, wakaitikia tena, mpaka mwisho wa baraka. Hakuna aliyejua alisema nini na hakuna aliyeachwa nje. Evarista husema hajawahi kusikia sauti ya baba yake vizuri kama siku ile.

Januari 2025 ugonjwa ulirudi, safari hii kwenye mapafu. Patrisi alifariki nyumbani, Ijumaa tarehe 9 Mei 2025 asubuhi, Laurencia akiwa amemshika ule mkono ambao haukuguswa.

Ameacha mama yake Theresia, mjane Laurencia, watoto Evarista na Emmanueli, mkwe wake Yohana, mjukuu Tluway mwenye sauti nene ajabu, mdogo wake Thomasi anayewasomea wasifu huu, na rafiki yake Emilian, ambaye tangu jana hajaizima mashine.

Geuzeni ukurasa wa mwisho wa ratiba mliyoshika. Hiyo ndiyo picha yake ya mwisho, aliyoichora Machi kwa ajili ya leo. Baragumu anapanda mlima, blanketi begani, ametugeukia, mkono ameuinua, na kiputo ni cheupe. Tafadhali asiwepo wa kusema mashine imeishiwa wino. Emmanueli anapitisha kalamu.

Pumzika kwa amani, Baba Evarista. Mkono tumeuona, na tunaitikia.